Ki-67, p16, p53 au SA-β-gal? Ipi ya uvimbe na ipi ya seli zilizozeeka

Kila msimu wa kuandika maandiko ya utafiti ukifika swali ni lilelile. Mtu ana bloku zake za parafini kabatini, yaani tishu za wagonjwa zilizozamishwa kwenye nta, hela aliyonayo inatosha antibodi (za kuonyesha protini fulani kwa rangi kwenye slaidi) mbili, tatu akijibana sana, anataka kujua uvimbe unakua kwa kasi gani na seli zipi humo ndani zimezeeka, alafu anauliza jamani niagize ipi. Jibu fupi nalitoa hapahapa ili mwenye haraka aondoke nalo: ukitaka kujua tabia ya uvimbe tu, anza na Ki-67 alafu uongeze p53 au p16, zote ni protini za ndani ya seli, kutegemea na kiungo ulichonacho. Ukitaka uzee wa seli, basi hamna antibodi hata moja itakayokuambia peke yake kwamba seli hii imezeeka, itabidi upange mbili au tatu zisomwe pamoja, na p16, ambayo ndo kila mtu anaikimbilia, ndo inayopotosha watu kuliko zote ikisomwa peke yake.

Tuelewane kwanza tukisema seli imezeeka tunamaanisha nini, maana sio lazima mwenye seli awe mzee. Mwaka 1961 Leonard Hayflick na Paul Moorhead walionyesha kwamba seli za kawaida za binadamu zikikuzwa maabara hazigawanyiki milele, zinafika kama mara 50 hivi zinasimama, hazifi, zipo tu. Baadae ikajulikana kwamba seli inaweza kusimama hivyo hata kabla ya kufika huko, DNA ikikatikakatika, au jeni ya kansa ikiwaka ghafla, au mgonjwa akipigwa kemo au mionzi. Seli ya namna hiyo inatanuka, haigawanyiki tena, na inamwaga nje vitu kama IL-6 na IL-8 vinavyochochea inflamesheni kwa majirani. Kusimama kwake kunauzuia uvimbe, lakini zikibaki pale muda mrefu yale yanayomwagwa yanaweza kuwasukuma majirani wakue. Kwa hiyo anayepima kansa na anayepima uzee wanatumia karibu protini zilezile, ila wanazisoma tofauti, na vurugu nyingi zinaanzia hapo.

Una tishu gani mkononi?

Hili linaamua nusu ya mambo kabla hata hujafungua katalogi. SA-β-gal, ile rangi ya bluu inayopambwa kwenye kila makala ya uzee wa seli, sio antibodi. Ni kazi ya kimeng'enya, beta-galaktosidesi ya kwenye laisosomu, ambayo kwa kawaida inapenda pH ya kama 4. Seli iliyozeeka inakuwa na kimeng'enya hicho kingi kiasi kwamba hata ukiipa X-gal, kemikali inayogeuka bluu kimeng'enya kikiivunja, kwenye pH 6.0, pH isiyo yake, bado inageuka bluu. Goberdhan Dimri, Judith Campisi na wenzao ndo walioitoa mwaka 1995 na hadi leo wengi wanaanzia hapo.

Tatizo ni kwamba kimeng'enya lazima kiwe hai. Tishu iliyolala kwenye fomalini siku nzima, ikapita kwenye alkoholi na zailini, ikazamishwa kwenye parafini ya moto, haina tena kimeng'enya kinachofanya kazi, na hapo hamna ujanja. Unahitaji tishu mbichi au iliyogandishwa, krayostati (mashine ya kukata tishu iliyoganda), na upake mapema maana zikikaa zinafifia. Wengi wetu tuna makabati ya bloku za miaka na miaka, hatuna friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri iliyojaa uvimbe. Kama wewe ni mmoja wetu, SA-β-gal ifute kwenye orodha sasa hivi, usiiandike kwenye andiko lako kwa sababu tu makala ulizosoma zote zinayo, atakayekusimamia atakuuliza tishu mbichi utaitoa wapi. Ipo antibodi ya GLB1, protini yenyewe ya kimeng'enya hicho, na inafanya kazi kwenye parafini, ila kuona protini ipo sio sawa na kuona inafanya kazi, usiziandike kama kitu kimoja.

Ki-67, p53, p16, p21, lamini B1, hizi zote zinakubali parafini. Kwa hiyo mashindano ya kweli kwa walio wengi yako kati ya hizo.

Ki-67: rahisi kuisoma, ngumu kuikubaliana

Jina limetoka Kiel, mji wa Ujerumani, na 67 ni namba ya kishimo kwenye sahani ambako ile klona ilikuwa imekaa, Johannes Gerdes na wenzake waliitangaza mwaka 1983. Protini hii ipo kwenye kiini cha seli wakati wote seli inapojiandaa kugawanyika na inapogawanyika, yaani G1, S, G2 hadi mitosisi, ila seli ikiwa imepumzika kwenye G0 haionekani. Antibodi ya mwanzo ilikuwa inakubali tishu iliyogandishwa tu, ilipokuja MIB-1 miaka ya 1990 ndo parafini ikafunguka na kila maabara ikaichukua.

Uzuri wake ni kwamba unahesabu viini vya kahawia, yaani vilivyoshika antibodi, visivyoshika hubaki bluu, unagawa kwa viini vyote, unapata asilimia. Kwenye uvimbe wa nyuroendokrini wa tumbo na kongosho asilimia hiyo ndo gredi yenyewe: chini ya 3 ni G1, 3 hadi 20 ni G2, zaidi ya 20 ni G3. Kwenye limfoma ya Burkitt, ile ambayo Denis Burkitt aliiandika mwaka 1958 kutokana na watoto aliowaona Uganda, Ki-67 inakaribia 100 na ukiona 60 anza kujiuliza kama kweli ni Burkitt.

Shida iko kwenye titi. Wasomaji wawili wazoefu wakipewa slaidi moja, mmoja anasema 12 mwingine anasema 22, na wote hawajakosea kuhesabu, wamechagua sehemu tofauti za slaidi. Ndo maana kikundi cha kimataifa cha Ki-67 kwenye kansa ya titi kilipotoa mapendekezo yake 2021 kikasema tumieni namba ikiwa ni 5 au chini, au 30 na kuendelea, na hapo ni kwa uvimbe wa hatua za mwanzo wenye ER (kipokezi cha homoni ya estrojeni) chanya na HER2 (protini ya juu ya seli) hasi, katikati hapo msiifanye msingi wa kuamua kemo. Marekani kwenyewe dawa ya abemaciclib ilipitishwa 2021 kwa wagonjwa wa titi walio kwenye hatari kubwa kwa sharti Ki-67 iwe 20 au zaidi, na 2023 sharti hilo likaondolewa. Mi nalichukulia hilo kama onyo kwa yeyote anayetaka kujenga tasnifu nzima juu ya mpaka mmoja wa asilimia.

Kwa uzee wa seli sasa, Ki-67 ni shahidi wa upande mmoja. Seli yenye Ki-67 haijazeeka, hiyo ni sawa. Ila seli isiyo na Ki-67 haimaanishi kitu, seli ya neva haina, ya misuli haina, ya ini lililotulia nyingi hazina, na zote ziko salama zinafanya kazi zake. Ukiandika kwamba Ki-67 imeshuka kwa hiyo seli zimezeeka, mkaguzi wa kwanza tu anakurudishia.

p53: kahawia tupu na bluu tupu zote ni mbaya

Hii inawachanganya wanafunzi kwa sababu wamezoea kwamba nyingi ni chanya, hamna ni hasi, basi. p53 haiko hivyo. Ile ya kawaida inaishi muda mfupi sana, kama dakika 20 hivi, protini inayoitwa MDM2 inaishika na kuipeleka ikavunjwe, kwa hiyo tishu yenye jeni nzima inaonyesha viini vichache vichache vya kahawia, vingine hafifu vingine vimekolea, vimechanganyikana. Jeni ya TP53 ikibadilika herufi moja protini inatoka imepinda, haivunjwi, inarundikana, slaidi inakuwa kahawia karibu kila kiini. Jeni ikikatwa kabisa protini haitoki na uvimbe wote unakuwa bluu, na hapo lazima uangalie limfosaiti na seli za mishipa pembeni kama zina kahawia kidogo, zisipokuwa nayo basi sio uvimbe, ni upakaji wako umegoma.

Kwa uvimbe p53 inalipa sana kwenye viungo fulani. Kansa ya ovari ya siraza ya gredi ya juu TP53 imeharibika karibu kwa kila mgonjwa, uchambuzi mkubwa wa Marekani wa 2011 uliikuta kwenye 96%, kwa hiyo ukiona p53 ya kawaida kabisa kwenye kitu ulichokiita hivyo, rudi kaangalie upya. Kwenye kansa ya mji wa mimba kundi lenye p53 mbovu ndo lenye matokeo mabaya zaidi.

Kwa uzee? Mi nasema iache. Ni kweli DNA ikikatika p53 inapanda na ndo inayoamuru seli isimame, lakini kupanda huko kwenye slaidi kunafanana na ule mchanganyiko wa kawaida, jicho haliwezi kutofautisha. Afadhali umuulize anayepokea amri, p21. Hii inakaa kwenye kiini, inapanda mapema seli inaposimama, kisha mara nyingi p16 inashika zamu ya muda mrefu. Ila p21 nayo ina masharti: inaitegemea sana p53, kwa hiyo ndani ya uvimbe wenye TP53 iliyovunjika p21 inaweza kuwa chini bila kukuambia lolote kuhusu uzee, na kwenye utumbo seli za juu zinazokomaa kawaida tu nazo zina p21.

p16, hapa tukae kidogo

p16 imegunduliwa 1993, jeni yake ni CDKN2A iliyo kwenye kromosomu ya 9, na kazi yake ni kuzizuia CDK4 na CDK6, protini zinazoisukuma seli igawanyike, ili protini ya RB ibaki imeshikilia seli isiingie kwenye kugawanyika. Yaani ni breki. Seli ikizeeka inakanyaga breki hiyo na haiachii, ndo maana p16 inaongezeka na umri kwenye figo na ngozi ya binadamu, na ndo maana watafiti wa Mayo Clinic mwaka 2011 walipowaondolea seli zenye p16 panya waliotengenezwa wazeeke haraka, panya wale walichelewa kupata mtoto wa jicho na kuisha misuli. Ukisoma mpaka hapo unaona kabisa p16 ndo alama ya uzee, nunua, maliza.

Sasa chukua bloku ya kansa ya shingo ya kizazi, kansa inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, upake p16. Slaidi nzima kahawia, kiini na saitoplazimu, bila kuacha nafasi. Zimezeeka? Wapi, zinagawanyika kama zimetumwa. Kinachotokea ni kwamba kirusi cha HPV, hasa aina ya 16 na 18 ambazo kwa pamoja zinasababisha kama 70% ya kansa hizo, kina protini ya E7 inayoivunja RB. RB ikishaondoka, breki ni kama ya bajaji iliyokatika waya, dereva anakanyaga mpaka mwisho na chombo kinaendelea kushuka. p16 inapanda kwa sababu hamna kinachoirudisha chini, na haizuii kitu. Kirusi hichohicho kina E6 inayoivunja p53, ndo maana kwenye kansa ya shingo ya kizazi p53 unaikuta chini ingawa jeni yake kwa kawaida ni nzima.

Kwa hiyo p16 nyingi kwenye figo ya mtu wa miaka 70 na p16 nyingi kwenye shingo ya kizazi ni habari mbili zinazopingana kwa rangi ileile. Na sio HPV tu, uvimbe wowote ulioipoteza RB kwa njia nyingine unafanya hivyo, kansa ya mapafu ya seli ndogo ni mfano, na ile ya ovari ya siraza niliyoitaja nayo mara nyingi ina p16 iliyojaa bila kirusi chochote.

Muundo unakusaidia kiasi. Kwenye HPV inayotakiwa ni ile iliyojaa mfululizo, kuanzia tabaka la chini kupanda, kwenye shingo ya kizazi inakusaidia kuamua kama mabadiliko ni ya gredi ya juu, na kwenye koo la nyuma la mdomo wanataka angalau 70% ya seli za uvimbe, kiini na saitoplazimu, zimekolea wastani au zaidi. Kwenye uzee ni seli chache zimetawanyika, moja hapa, mbili kule. Kwenye yale madoa meusi ya kawaida ya ngozi ni madoadoa pia, seli zake nyingi zina jeni ya BRAF iliyobadilika, ikaziwasha kidogo kisha zikasimama kwa p16, na melanoma inapotokea mara nyingi p16 imepotea. Umeona mambo hayo? Kwenye shingo ya kizazi p16 kuwepo ndo hatari, kwenye ngozi kutokuwepo ndo hatari.

Kama una hela ya mbili tu

Chukua p16 na Ki-67, na uhakikishe unaziona kwenye seli moja. Hii ndo jozi ninayoipigia debe kwa anayetaka kuchungulia uvimbe na uzee kwa pamoja, na sababu ni ya kimantiki kabisa: seli ambayo breki yake inafanya kazi haiwezi kuwa na p16 nyingi huku ina Ki-67. Zikikutana ndani ya seli moja, mfumo wa RB umeharibika, hapo uko kwenye njia ya kansa. Ukiona p16 ipo na Ki-67 haipo, hapo una mgombea wa uzee. Ki-67 ipo na p16 haipo, inagawanyika tu, inaweza kuwa kansa au inaweza kuwa tishu inayojirekebisha baada ya kidonda. Zote hazipo, huna habari, imepumzika.

Wenye uchunguzi wa shingo ya kizazi wanaitumia mantiki hiyo tayari, kipo kipimo cha rangi mbili kwenye seli zilizopanguswa, kahawia kwa p16 na nyekundu kwa Ki-67, Marekani walikipitisha 2020 kwa wanawake waliokutwa na HPV ili kuamua nani aende kwenye kolposkopi, yaani kuangaliwa shingo ya kizazi kwa lenzi ya kukuza. Mtu wa uzee anaweza kuazima kanuni ileile na kuisoma kinyume.

Kupaka mbili kwenye slaidi moja kunahitaji antibodi za wanyama tofauti au kiti iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na sio kila maabara ina mashine. Njia ya wasio nacho ni kukata vipande viwili vinavyofuatana vya maikroni 3, kimoja p16 kingine Ki-67, kisha unalinganisha eneo kwa eneo. Inafanya kazi ukiongelea maeneo, kwamba tezi hii imejaa p16 na haina Ki-67, ila usidai unaongelea seli moja moja maana huwezi kuapa kwamba kiini ulichokiona kwenye kipande cha kwanza ndo hichohicho kwenye cha pili.

Ukipata ya tatu

Kwa uvimbe, ya tatu ni p53. Uke wa nje ni mfano mzuri wa p16 na p53 kugawana kazi: kansa ya HPV inatoka p16 imejaa na p53 ya kawaida, ile isiyo ya HPV, inayokuja zaidi kwa kina mama wakubwa wenye ugonjwa wa ngozi wa muda mrefu sehemu hizo, inatoka p16 hamna na p53 mara nyingi mbovu, na hiyo ya pili ndo yenye mwenendo mbaya zaidi.

Kwa uzee, ya tatu sio lazima iwe antibodi. Kuna Sudan Black B, rangi ya zamani kabisa ambayo pengine ipo kwenye kabati lenu inakusanya vumbi. Inashika lipofusini, uchafu wa mafuta na protini ambao seli iliyozeeka inashindwa kuuvunja, na inakubali parafini, tangu 2013 watu wameipendekeza kama mbadala wa SA-β-gal kwa wenye bloku za kabatini. Kwa bajeti ya huku mi naiona ndo chaguo lenye akili. Masharti yake mawili: seli za moyo, neva na ini zinajaza lipofusini kadri mtu anavyozeeka bila kuwa zimesimama kwa maana yetu, na wengu na ini la huku kwetu lina rangi nyeusi ya malaria, na fomalini isiyo na bufa nayo inaacha vumbi jeusi, kwa hiyo kata kipande kimoja usikipake kitu, kiangalie kwanza, ujue weusi upi ulikuwepo kabla yako.

Lamini B1 inapotea kwenye kiini cha seli iliyozeeka. Nzuri kwa nadharia, ila kusoma kitu kilichopotea kwenye slaidi iliyofiksiwa vibaya ni kujitafutia kesi. γH2AX inaonyesha DNA iliyokatika, inatoka kama nukta ndogo ndani ya kiini, inapendeza zaidi kwenye fluoresensi, na seli inayonakili DNA au inayokufa nayo inaweza kuwaka. Kama huna darubini ya fluoresensi iache.

Mwaka 2019 wataalamu wengi wa fani hii wakiongozwa na Vassilis Gorgoulis waliandika pamoja namna ya kuitambua seli iliyozeeka, na kwa ufupi walichosema ni kwamba anza na SA-β-gal au lipofusini, thibitisha kwa p16 au p21 pamoja na kukosekana kwa kugawanyika, kisha ongeza kingine kama lamini B1 au vile inavyomwaga. Ukiwa na Sudan Black, p16 na Ki-67 umeshagusa hatua mbili za kwanza kwa bloku za parafini tupu.

Fomalini inaweza kukuvurugia zote

Nisipolisema hili mtanunua antibodi ya bei mbaya mkapake kwenye tishu iliyooza. Kwenye titi mwongozo ni fomalini ya 10% yenye bufa, masaa 6 hadi 72, na tishu iingie humo ndani ya saa 1 tangu itoke mwilini. Fomalini inapenya polepole, kama milimita 1 kwa saa, kwa hiyo titi zima lililotumbukizwa kwenye ndoo bila kupasuliwa, likapanda basi kutoka wilayani, katikati yake linaozea njiani huku nje limeiva. Kati ya hizi Ki-67 ndo inayolalamika mapema, inashuka, na wewe unaandika uvimbe unakua polepole. Mifupa iliyolainishwa kwa asidi kali nayo inaua Ki-67, tumia EDTA ukiweza. Slaidi zilizokatwa zikakaa miezi hazijapakwa zinapoteza nguvu pia, kata unapokuwa tayari.

Kwa hiyo kabla ya kuhesabu kitu chochote kwenye bloku za zamani, angalia kama mitosisi unazoziona kwenye H&E, ile rangi ya kawaida ya slaidi, zinaendana na Ki-67. Mitosisi zimejaa alafu Ki-67 ni 4%? Hiyo ni fomalini inaongea.

Wewe ni yupi?

Una bloku za shingo ya kizazi: p16 na Ki-67, p53 haitakuongezea kitu kwa walio wengi. Kansa ya koo la chakula ya skwamasi, ambayo ukanda wetu wa Afrika Mashariki unayo nyingi: p53 na Ki-67, maana TP53 ni kati ya jeni zinazoharibika mara nyingi zaidi humo, wakati HPV sio hadithi yake kubwa. Titi kabla na baada ya kemo, unataka kujua kama dawa imezeesha seli: hapa ndo penye utamu, utafiti mmoja wa 2002 ulikuta SA-β-gal kwenye takriban sampuli 4 kati ya 10 za uvimbe uliopata kemo dhidi ya 1 kati ya 10 kwa usiopata, na zilikuwa tishu zilizogandishwa. Wewe mwenye parafini fanya Ki-67, p16 na Sudan Black kwa jozi za mgonjwa yuleyule, ongeza p21 kwa wale tu ambao p53 yao ni ya kawaida. Kumbuka baadhi ya kansa za titi, hasa zile hasi tatu (hazina vipokezi vya homoni wala HER2), zimeipoteza RB, p16 yake itakuwa imejaa tangu kabla ya dawa, ndo maana jozi ni muhimu.

Figo, ini au ngozi ya wazee bila uvimbe: p16, Sudan Black kwa tahadhari nilizosema, Ki-67 kama mlinzi. Una panya wa maabara: kuwa makini sana na antibodi za p16 za panya, zinajulikana kwa kusumbua, wengi wanaishia kupima RNA, ila wewe tishu mbichi unayo kwa hiyo SA-β-gal ni yako, na usiipake ndani ya inkubeta yenye CO₂ maana inashusha pH na kila kitu kinageuka bluu. Makrofaji nazo zina bluu yake ya asili, usizihesabu.

Melanoma ya nyayo, aina inayoongoza kwa watu wenye ngozi nyeusi: kahawia ya DAB, ile rangi ya kawaida ya antibodi, na kahawia ya melanini hutazitofautisha hata ukikodoa macho, omba kromojeni (kitu kinachotoa rangi) nyekundu kama AEC. Hiyo inabadilisha bajeti kidogo, na AEC inayeyuka kwenye alkoholi, kwa hiyo funika slaidi kwa gundi ya maji.

Na kabla hujalipa chochote ingia Human Protein Atlas, mradi wa Sweden ulioanza 2003, bure kabisa, una picha za protini karibu zote kwenye tishu za kawaida na za kansa. Tafuta protini yako kwenye kiungo chako, uone ilitakiwa ikae wapi, kiini au saitoplazimu, na usome kile kipengele cha kuaminika kwa antibodi maana nyingine wamezipa alama ya mashaka wao wenyewe. Antibodi ikifika paka tonsili kwanza: Ki-67 inawaka kwenye vitovu vya folikeli, p53 inatoka madoadoa humohumo, p16 inashika sehemu za mashimo ya epitheliamu na seli chache ndani ya folikeli. Tonsili ikikataa, usiguse bloku za wagonjwa.